Mke Mwenye Amri, Mume Mwenye Magoti, na Mtaa Wenye Macho

Plano na Frisco, kaskazini mwa Dallas, Texas, ni mahali ambapo watu wa kanisani ndio hao hao wa shuleni na kazini, na milango mingi ina kamera kwenye kengele. Watu wazima wawili waliokubaliana kwamba mke ndiye anayeongoza na mume ndiye anayemtumikia kwa magoti wanaweza kuishi humo miaka na miaka bila jirani kunusa kitu. Kinachowaumbua wengi ni simu. Kinachowaumiza ni ndiyo iliyotolewa kwa aibu, na sakafu ngumu.

Anzeni mezani, mmevaa nguo zenu, hakuna aliyeonja pombe. Kila mmoja achukue karatasi yake yenye safu tatu: ndiyo, labda, hapana. Ajaze peke yake, ndipo mlinganishe. Mkijaza pamoja, anayependa kutii ataandika ndiyo penye labda ili amfurahishe mwenzake, na chuki yake itajitokeza miezi baadaye kwa jambo lisilohusiana kabisa. Tajeni vitu kwa majina: kuosha miguu, kuikanda, kuibusu, kupiga magoti, kukemewa, kuitwa jina fulani. Neno "kutumikiwa" halitoshi. Mmoja anawaza chai kitandani, mwingine anawaza kubusu kiatu. Kila labda iwe na sharti pembeni. Wekeni na muda, kwa mfano Ijumaa saa tatu hadi saa tano usiku, kwa wiki nne, kisha mkae tena mezani. Katika wiki hizo amri zisiguse mshahara, dawa, watoto wala ndugu. Karatasi zisiwe na majina kamili, na zikae kwenye sanduku la kufuli.

Ishara za kusimamisha ni rangi za taa za barabarani. Kijani, endelea. Njano, punguza. Nyekundu, acha papo hapo, na sababu isiulizwe mpaka aliyesema awe amekaa na kutulia. Rangi zinahitajika kwa kuwa wengine hupenda kusema "basi, nimekoma" kama sehemu ya mchezo. Mdomo ukiwa na shughuli, ashike funguo mkononi. Zikianguka, kila kitu kinasimama. Zijaribuni mapema, maana zulia nene humeza mlio. Wekeni sinia la bati chini ya mkono. Na mke naye ana nyekundu yake. Kutoa amri saa mbili mfululizo ni kazi, na wengi huona haya kusema wamechoka.

Sasa jioni yenyewe. Beseni lijazwe maji ya nyuzi 38 hadi 40, yafike kwenye vifundo. Yapimwe kwa kiwiko, kwani kiganja kilichozoea vyombo vya moto hudanganya. Dakika 10 zinatosha, kwa sabuni isiyo na manukato. Ukaushaji ndio wenye ufundi: taulo liingie katikati ya kila kidole, hasa kile kidogo na jirani yake, mahali fangasi wanapoanzia. Ngozi ikiwa inamenyeka au inawasha, mdomo usiguse miguu hiyo mpaka ipone. Krimu ya klotrimazoli huhitaji wiki kadhaa, na watu huiacha siku ya tano kwa sababu kuwasha kumekwisha. Mwenye malengelenge mdomoni naye asubiri. Busu zitangulie, mafuta ya kukandia yafuate, kijiko kimoja tu, na yasidondoke kwenye vigae. Kwa aliyelelewa pwani, mambo haya ya kuosha na kusinga si mageni: kungwi aliyafundisha siku zote, ila hapa mwari ni bwana.

Magoti yanataka mto mzito, ule wa watunza bustani wenye unene wa sentimita 4 au 5. Anayekalia visigino vyake kwa muda mrefu hubana mshipa wa fahamu unaopita upande wa nje, chini kidogo ya goti. Kwanza huja ganzi, kisha wayo hukataa kuinuka. Abadilishe mkao kila dakika 10, na akihisi ganzi anyooshe miguu kabla ya kusimama. Wanaoinuka ghafla huangukia kona ya meza. Wayo usipoinuka, ni hospitali, si kusubiri asubuhi. Viatu vya kisigino chembamba visikanyage mwili, kwa kuwa uzito wote hutua mahali padogo kuliko sarafu. Sheria ya Texas nayo hukubali ridhaa kama utetezi pale tu kitendo hakikuleta wala kutishia jeraha kubwa.

Mkimaliza, maji ya kunywa, blanketi, na kuitana majina ya kila siku. Huzuni inaweza kumjia yeyote kati yenu kesho yake au keshokutwa bila sababu ya wazi. Pangeni mapema saa ya kuzungumza siku inayofuata.

Wanaotaka wenzao huanza na manchi, mlo wa kawaida mgahawani kwa watu wa mambo haya, desturi iliyoanzia California mwanzoni mwa miaka ya 1990. Matangazo yake hupatikana FetLife, mtandao uliopo tangu 2008. Mwandikieni mwandaaji kwanza, muulize mavazi na meza. Nendeni na nguo za kazini, tumieni majina ya utani, lipeni kwa fedha taslimu, msiguse mtu wala kupiga picha. Hudhurieni mara tatu kabla ya kukubali mwaliko wa nyumbani kwa mtu. Anayedai "sadaka" au kadi za zawadi kabla hajaonana na mtu ni tapeli. Akiwa na picha na akatishia kuzisambaza, msilipe na msifute ujumbe. Hifadhini kila kitu mripoti ic3.gov, tovuti ya FBI ya kupokea malalamiko ya uhalifu wa mtandaoni. Texas ina sheria dhidi ya kusambaza picha za faragha tangu 2015.

Simu sasa. Barua pepe ya pembeni, namba ya pembeni, na programu inyimwe ruhusa ya kusoma orodha ya majina, la sivyo itampendekeza mchungaji kuwa rafiki. Zimeni albamu ya familia inayojituma yenyewe, kwani picha ya saa nne usiku huibukia kwenye tableti ya mtoto. Picha hubeba ndani yake mahali ilipopigwa. Ondoeni taarifa hizo, kisha tazameni tena tatuu, pete na pazia. Haya si woga wa bure: Texas mwajiri anaweza kumwachisha mtu kazi bila kutoa sababu, na wakili wa talaka hutafuta chochote.

Mkikutana na mtu wa manchi dukani au mlangoni mwa kanisa, mwacheni aanze yeye kusalimia. Mkiulizwa mnajuana wapi, jibu la kweli lipo: tuliwahi kula meza moja.