Kuandika Katuni Ndefu ya Vichekesho vya Kisayansi Bila Kupoteza Mwendelezo

Hatua ya kwanza. Kabla ya kuandika sehemu ya pili, tenga mambo ya hadithi katika mafungu mawili: yanayoruhusiwa kusahaulika sehemu inapokwisha, na yatakayobaki daima. Katika mfululizo tunaoutengeneza hapa Kampala, unaohusu bodaboda zinazoruka miaka 200 ijayo, gereji inaweza kulipuka leo na kesho ikakutwa imesimama pasipo mtu kuuliza, lakini deni la fundi wetu kwa mama mkwe wake halifutiki.

Hatua ya pili. Tafuta daftari, umpe kila mhusika ukurasa wake, kisha uandike humo kila kovu, ahadi na deni pamoja na namba ya sehemu. Mimi nilipolidharau daftari, fundi aliyekatika mkono katika sehemu ya nne alipiga makofi katika sehemu ya saba. Mchoraji ndiye aliyeligundua kosa, sauti zikiwa zimekwisha kurekodiwa.

Hatua ya tatu, ambayo kwangu ndiyo tamu kuliko zote, ni kupanda mbegu mapema na kunyamaza. Katika sehemu ya kwanza ya katuni ya Kimarekani Futurama, iliyorushwa Machi 1999, kijana aitwaye Fry anatumbukia katika mtambo wa kugandisha na kuzinduka baada ya miaka 1,000, na chini ya meza kinapita kivuli kidogo. Ilipofika 2003 ndipo watazamaji walipofahamishwa kwamba kivuli kile kilikuwa cha Nibbler, kiumbe mdogo kutoka anga za mbali, aliyemwangusha Fry kwa makusudi. Aliyekuwa hakukiona hakupungukiwa na kicheko chochote, na huo ndio ustadi wenyewe.

Hatua ya nne. Ukiuvunja ulimwengu wako, uvunjaji huo uwe na gharama. Katika msimu wa kwanza wa Rick and Morty, katuni ya Kimarekani kuhusu mwanasayansi Rick na mjukuu wake Morty, mwaka 2014, wawili hao wanaiharibu dunia yao, wanahamia nyingine ambako Rick na Morty wa huko wamekwisha kufa, kisha wanazika maiti zao wenyewe nyuma ya nyumba. Mwandishi mvivu angeutumia ulimwengu sambamba kama kifutio tu. Hapa, sehemu mbili baadaye, Morty anamwonyesha dada yake makaburi hayo.

Hatua ya tano ni fupi. Malizia kila msimu kana kwamba ni wa mwisho, ila usiufunge mlango kwa kufuli, kwani Futurama ilisitishwa 2003 na tena 2013, na bado ikarejea 2023. Ndiyo maana fundi wetu, msimu wa kwanza unapokwisha, amelipa deni lake lote isipokuwa shilingi 500.