Kusoma historia ya kuzaliwa nyota kwenye galaksi kibete: tuanze na Carina

Kuna mdogo wangu wa masters alikwama kwenye hii kazi, nikamwelekeza, so naiandika hapa na wengine waipate. Tunatumia Carina, iligunduliwa 1977 kwenye picha za darubini ya Schmidt ya Uingereza kule Australia, iko kama miaka nuru 340,000 toka hapa. Nimeichagua makusudi: ilizaa nyota, ikapoa mabilioni ya miaka, ikazaa tena.

1. Tafuta katalogi ya nyota yenye filta mbili, mfano V na I. Ifike magnitudi 25 hivi (kipimo cha mwangaza, namba ikipanda nyota ni hafifu zaidi), maana nyota zake za zamani kabisa zinaacha mstari mkuu (ule wa nyota zinazounguza hidrojeni kwenye kiini) kwenye 24. Isipofika huko achana nayo, utabahatisha tu.

2. Chora. Rangi (V toa I) mlalo, mwangaza wima, angavu juu. Python jamani, Excel iacheni kwa mahesabu ya kikoba.

3. Ondoa nyota za Njia ya Maziwa. Data za Gaia (setilaiti iliyopima mwendo wa nyota) zinasaidia mpaka magnitudi 21 hivi, kwa nyota hafifu zaidi ya hapo tumia eneo la pembeni ya galaksi, uhesabu, utoe.

4. Weka aisokroni (mistari ya umri mmoja) za miaka bilioni 12, 6 na 2. Mimi natumia modeli za PARSEC tu. Angalia pale nyota zinapotoka mstari mkuu kwenda kuwa majitu, utaona ngazi zimeachana, hizo ndo awamu zenyewe. Umri usiusome kwenye majitu mekundu! Ujana unaivuta nyota kwenye bluu, metali (elementi nzito kuliko heli) zinaivuta kwenye wekundu, na Carina vyote viwili vinafutana, tawi linabaki jembamba utadhani nyota zote ni rika moja.

5. Nyota bandia. Hapa ndo watu wanaruka halafu wanashangaa majibu. Unapandikiza nyota za uongo kwenye picha zenyewe, unarudia vipimo, unaona ngapi zimepatikana na mwangaza wake umehama kiasi gani. Ni kama kutupa dagaa uliowahesabu ili ujue wavu unapitisha wangapi. Pandikiza chache kwa mara moja, ukizijaza unaongeza msongamano ambao haukuwepo, rudia hadi zifike laki na zaidi. Nyota ileile ikae sehemu ileile kwenye filta zote mbili. Weka nyingi katikati kama galaksi yenyewe ilivyo. Weka na hafifu kuliko unazoweza kuona, kwa sababu mbili zikibanana zinapimwa kama moja angavu. Na vigezo vya kuchuja viwe vilevile ulivyotumia kwenye nyota halisi, please. Ukiruka hii, zinazopotea kwanza ni zile hafifu za zamani, na galaksi yako itaonekana changa kuliko ilivyo.

6. Endesha MATCH, programu ya Andrew Dolphin. Inachanganya umri na metali mpaka idadi ifanane na mchoro wako. Matokeo yachore kwa kulimbikiza (jumla ya nyota zilizokwisha kuzaliwa hadi kila wakati), na kilele chembamba kwenye umri wa bilioni 11 usikiamini, huko mistari imebanana mno.

Zile za bluu chache zilizobaki juu ya pale nyota zinapoacha mstari mkuu usikimbilie kuziita changa, nyingine ni nyota mbili zilizoungana au moja imenyonya gesi ya mwenzake.