Tafuta kijiji kwanza: namna ya kumfuatilia babu aliyetoka Ujerumani

Kwetu Machame mtu akikuuliza u wa wapi, hataki kusikia jina la nchi. Anataka kijiji na ukoo. Mimi nimeolewa Milwaukee, jimbo la Wisconsin, Marekani, na wanangu walipoanza kuuliza habari za upande wa baba yao, mama mkwe alikuwa na neno moja tu: Prussia. Imenichukua miaka minne kulivuta neno hilo hadi likafika kijijini.

Prussia ilikuwa dola kubwa ya Kijerumani, kutoka ng'ambo ya mto Rhine hadi mpakani mwa Urusi, na hakukuwa na daftari moja la watu wake wote. Kumbukumbu zilikaa kanisani, kila usharika na vitabu vyake. Ofisi za serikali za kuandikisha vizazi, ndoa na vifo zilianza Prussia Oktoba 1874, na Ujerumani nzima mwaka 1876. Kwa aliyezaliwa kabla ya hapo, bila jina la kijiji hujui hata ugonge mlango gani. Jina hilo litafute Marekani kabla hujavuka bahari.

Anza na wazee, tena wiki hii, maana hawakungoji. Shangazi ya mama mkwe alinifungulia sanduku lenye Biblia ya Kijerumani, kadi za mazishi na cheti cha kipaimara. Nilipiga picha kila kitu, mbele na nyuma.

Kisha nenda kwenye sensa ya Marekani. Ya mwaka 1900 ni nzuri sana: ina mwezi na mwaka wa kuzaliwa, na mwaka mtu aliohamia. Huyu babu yetu wa kutoka Prussia, Wilhelm, alizaliwa 1856 na kufika 1881. Sensa ya 1890 usiisumbukie, karibu yote iliharibika kwa moto wa 1921. Hati za uraia za kabla ya Septemba 1906 mara nyingi hutaja nchi tu. Za baadaye hutaja mahali pa kuzaliwa.

Orodha za meli ziangalie, lakini ujue bandari. Za Hamburg za 1850 hadi 1934 zipo, na zinaonyesha mtu alikokuwa akiishi. Za Bremen nyingi zimepotea, na Wilhelm alipandia Bremen. Wala usiamini kwamba karani wa Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji bandarini New York, ndiye aliyembadilishia jina. Kituo kile kilifunguliwa 1892, na orodha ziliandikwa huko meli zilikotokea.

Kilichotuokoa ni kanisa. Mimi nimelelewa katika Ulutheri, najua mchungaji anavyoandika. Wachungaji wa Kijerumani huko Wisconsin mara nyingi waliandika kijiji alikotoka muumini, hasa kwenye ndoa na mazishi. Niliandika barua kwa usharika mmoja wa mashambani, nikaomba kurasa za Wilhelm, za mkewe na za ndugu zake wote. Ndugu usiwaache! Ukurasa wa Wilhelm haukuwa na kitu. Kijiji kilikuwa kwenye mazishi ya dada yake, pamoja na neno Pommern, yaani jimbo mojawapo la Prussia.

Ukishapata jina, lipeleke Meyers, kamusi ya majina ya mahali pa Ujerumani ya mwaka 1912 ambayo sasa iko mtandaoni bure. Itakuambia wilaya na ofisi ya uandikishaji, na mara nyingi kanisa pia. Vijiji vyenye jina moja ni vingi, kwa hiyo linganisha na kila ulichonacho. Chetu kilikuwa wilaya ya Greifenberg, ambayo leo ni Gryfice, Poland. Vitabu vingi vya Pommern vilipotea katika Vita vya Pili. Vyetu, namshukuru Mungu, tulivikuta FamilySearch, tovuti ya kumbukumbu za koo. Wenye asili ya kwingineko Ujerumani waanze na tovuti za vitabu vya kanisa: Archion kwa Waprotestanti (ni ya kulipia) na Matricula kwa Wakatoliki (ni ya bure).

Sasa utakutana na Kurrent, mwandiko wa mkono wa Kijerumani wa zamani, na hapo wengi hukata tamaa. Herufi e inafanana na n ndogo iliyobanwa. Herufi u ina kikombe kidogo juu yake ili isichanganywe na n. Herufi h ina kitanzi juu na kingine chini. Usianze kwa kusoma, anza kwa kuandika: niliandika majina ya wanangu kwa mwandiko ule kila jioni kwa mwezi mzima, mkono ukazoea, jicho likafuata. Jifunze pia maneno machache: getauft ni amebatizwa, gestorben ni amefariki, Paten ni wasimamizi wa ubatizo.

Majina nayo yana utaratibu wake. Mtoto alipewa matatu na kuitwa moja, aghalabu la mwisho, na mara nyingine lilipigiwa mstari. Nilipoteza miezi mitatu nikimtafuta Wilhelm mwanzoni mwa mstari, kumbe amebatizwa Johann Friedrich Wilhelm, na kaka yake naye ni Johann.

Na ukiupata ubatizo, soma hadi kwa wasimamizi. Wa Wilhelm walikuwa watatu. Jina la ukoo la mmoja nilikuwa nalo tayari: liko kwenye sensa ya 1900, nyumba ya jirani yake huko Wisconsin. Barua yangu inayofuata inakwenda kwa kizazi cha jirani yule.