Injini mbovu na rikoli ya mtengenezaji: jinsi ya kudai injini mpya ukiwa Mbeya

Kama gari lako limeanza kugonga na umeshamwita fundi aje na spana, mwambie asubiri kwanza. Mimi mwenyewe ni fundi, gereji yangu iko Sae hapa Mbeya. Nimesimamia madai ya magari matatu kwa watengenezaji. Mawili yalipewa injini mpya bure. La tatu lilikataliwa kwa sababu moja tu: sampu, bakuli la oili chini ya injini, ilishafunguliwa na kupakwa silikoni mpya kabla wakala wa mtengenezaji hajaliona. Mwenye gari alikuwa mwalimu wa Tukuyu, na mkopo wa lile gari alikuwa bado analipa. Iliniuma sana, na ndiyo maana naandika haya.

Hatua ya 1: Jua unachodai

Rikoli ni mtengenezaji kukiri kwamba magari ya toleo fulani yalitoka kiwandani na kasoro, na kuyaita yarekebishwe kwa gharama yake. Usiichanganye na waranti. Waranti ina miaka na kilomita zake, zikiisha imeisha. Rikoli inafuata namba ya chesisi, haijali gari limepita mikononi mwa watu wangapi.

Mwaka 2015 Hyundai iliita Sonata zipatazo 470,000 za Marekani, za mwaka 2011 na 2012. Chenga za chuma zilibaki ndani ya krenkishafti (krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni) ilipochongwa kiwandani, zikaziba njia za oili, beringi za konrodi, yaani za mikono inayounganisha pistoni na krenki, zikakauka na kulika. Mwaka 2017 Hyundai na Kia wakaita mengine zaidi ya milioni 1. Mwaka 2024 Toyota nayo iliita Tundra na Lexus LX zipatazo 100,000 za mwaka 2022 na 2023 kwa ugonjwa wa ukoo huo huo: mabaki ya chuma ndani ya injini ya V6 yenye turbo mbili.

Lakini kuitwa si lazima kubadilishiwa injini. Kwa zile Hyundai, gari lilipimwa kwanza, na lililokutwa na ugonjwa ndilo lililopewa injini. Kwa Subaru za rikoli ya 2018, kazi ilikuwa kubadilisha springi za valvu, injini ikabaki ile ile. Soma tangazo la gari lako mpaka mwisho uone linaahidi nini, usije ukaenda kudai kitu ambacho hakikuahidiwa.

Hatua ya 2: Hakiki chesisi, kisha hakiki injini

Usinakili namba kutoka kwenye kadi tu. Isome kwenye bodi lenyewe, futa vumbi, piga picha. Gari lililotengenezwa kwa soko la Marekani au Ulaya lina tarakimu na herufi 17, na ndani yake huwezi kukuta herufi I, O wala Q, kwa hiyo ukiona duara ujue ni sifuri. Gari la soko la Japani, ambayo ndiyo mengi hapa kwetu, lina herufi na tarakimu chache, kistari, halafu namba, mfano NZE141 na kuendelea.

Ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji, ukurasa wa rikoli. Kwa magari ya Japani, sehemu ya kabla ya kistari na ya baada yake huandikwa kwenye visanduku viwili. Majibu yatakuja kwa Kijapani, yapige picha kwa simu yenye programu ya kutafsiri. Kwa ya Marekani, tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, inaonyesha rikoli ambazo gari lako bado halijafanyiwa.

Halafu linganisha namba ya injini iliyo kwenye bloku, yaani bodi kuu la injini, na ile ya kwenye kadi. Magari mengi yaliyonoki, yaani yaliyokufa injini, miaka ya nyuma yamewekewa injini za mtumba kutoka Dar. Namba zisipofanana, injini uliyonayo siyo iliyoitwa, na ni heri ulijue hilo leo kuliko ukaambiwe kaunta.

Hatua ya 3: Kusanya ushahidi bila kufungua kitu

Hapa ndipo madai yanaposhinda au kufa.

Anza na sauti. Baridi ya hapa kwetu ya Juni na Julai inasaidia. Acha gari lilale nje, amka saa kumi na mbili asubuhi, shika simu. Rekodi video moja isiyokatwa: namba ya gari, namba ya chesisi, kilomita kwenye deshibodi, kisha washa. Acha liungurume dakika tano, halafu kanyaga mafuta polepole mara tatu.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu siyo kila mlio ni beringi. Mlio mwepesi wa ti-ti-ti kutoka juu, unaopungua injini ikipata moto, mara nyingi ni wa valvu. Mlio kama kokoto ndani ya kopo, unaosikika tu ukiwa unavuta mzigo kupanda Kitonga au Mlima Nyoka, mara nyingi ni mafuta kulipuka kabla ya wakati wake. Ugonjwa tunaouzungumzia una sauti nzito, ko-ko-ko, kutoka chini. Inaongezeka ukikanyaga mafuta, na oili ikipata moto na kuwa nyepesi ndiyo inazidi.

Kisha filta ya oili. Kubadilisha filta ni servisi ya kawaida, siyo kufungua injini, lakini ifanye mbele ya shahidi na uitunze. Usiikate kwa msumeno wa chuma: msumeno unaacha chenga zake ndani, na wakala atakwambia hizo ndizo ulizoziona. Tumia kikatio cha filta. Gari la kwanza kukubaliwa lilikuwa la shemeji yangu, pikapu ya kubebea viazi kutoka Isongole. Tulikata filta, tukakunjua ile karatasi juu ya kitambaa cheupe. Vipande vidogo kama pambo la sherehe, vyenye rangi ya shaba. Nikapitisha sumaku, havikushika. Chuma cha krenki kingeshika. Kisichoshika na kina rangi ile ni beringi inayojimenya. Picha ile, na sumaku ikiwa pembeni, ilifanya kazi kuliko maneno yetu yote.

Mwisho, risiti. Jibu la kwanza utakalopewa ni kwamba hukubadilisha oili. Tafuta kila risiti ya EFD ya oili na filta, andika kilomita nyuma yake. Kama ulinunua oili bila risiti, fundi aliyeibadilisha aandike barua, atie sahihi na namba ya simu.

Hatua ya 4: Andika, usipige simu tu

Simu haiachi alama. Tuma barua pepe kwa wakala rasmi wa chapa hiyo nchini, nakala kwa mtengenezaji. Iwe fupi:

"Mimi ni mmiliki wa gari lenye chesisi namba …, lililo katika rikoli ya tarehe …. Injini inagonga tangu kilomita …. Sijafungua injini. Nimeambatisha video, picha na risiti. Naomba tarehe ya ukaguzi na namba ya kumbukumbu. Naomba pia mnijulishe nani atalipia kusafirisha gari kutoka Mbeya."

Gari likiwa la mtumba wa Japani, kazi inakuwa ngumu zaidi, maana wakala wa hapa siye aliyeliuza. Usikate tamaa mapema. Omba jibu lake kwa maandishi, liwe ndiyo au hapana, kwa sababu hapana iliyoandikwa unaweza kuipeleka mbele.

Hatua ya 5: Usiliendeshe mpaka Dar

Ni zaidi ya kilomita 800. Beringi ikikatika njiani, konrodi inaweza kutoboa bloku, na oili ikimwagikia ekzosi inaweza kuwaka moto. Lipandishe kwenye lori. Yale ya kubeba magari yanayoshusha Tunduma huwa yanarudi Dar bila mzigo, ukielewana na dereva bei inakuwa nafuu kuliko brekidauni.

Hatua ya 6: Wakikubali, uliza haya

Je, wanaweka injini kamili, au bloku yenye krenki na pistoni huku kichwa cha zamani kikirudishwa? Je, kipoza oili na turbo vinabadilishwa? Chenga zikishatembea hujificha humo, na injini mpya inanyweshwa uchafu wa ile ya zamani. Suala hili nililisimamia kwa shemeji mpaka mhudumu akaniambia, "Fundi, umeshinda, tunabadilisha." Omba pia waranti ya injini mpya kwa maandishi.

Wakikataa bila sababu inayoeleweka, peleka mafaili yako Tume ya Ushindani, FCC. Iko chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi yake, na ina ofisi ya kanda hapa Mbeya. Huhitaji kusafiri.

Hatua ya 7: Kulichukua gari

Injini ya zamani hubaki kwao, kwa hiyo piga picha namba yake kabla haijachukuliwa. Chukua barua ya wakala yenye namba zote mbili, uende nayo TRA kubadilisha taarifa za kadi. Usilicheleweshe hili, maana ukija kuuza gari, au likikaguliwa na polisi, namba zisizofanana zitakufanya uonekane mwizi wa injini yako mwenyewe.

Kilomita 1,000 za kwanza usibebe mzigo mzito, na usilazimishe mwendo mmoja kwa muda mrefu. Zikifika, mwaga oili, badilisha filta, ikate ile ya kwanza na uitazame kwenye kitambaa cheupe. Ya shemeji ilikuwa safi.