Wijeti moja haikai kwenye vichupo viwili

Umetengeneza wijeti (sehemu ya dirisha la programu) yako katika Qt, maktaba ya kutengenezea programu zenye madirisha na vitufe, tuseme upau wa kutafutia wenye vitufe vyake, na unaitaka kwenye kila kichupo. Usiiweke ileile mara mbili. Wijeti ina mzazi mmoja tu, yaani wijeti inayoibeba: ukiiongeza kwenye kichupo cha pili, Qt inaihamishia huko, na kichupo cha kwanza kinabaki na pengo, kwa kawaida bila ujumbe wowote wa kosa. Unaweza kuhangaika kutwa nzima ukitafuta hitilafu isiyokuwepo.

Iandike kama klasi inayorithi QWidget, klasi ya msingi ya wijeti za Qt, kisha kila kichupo kiunde nakala yake.

Cha kushirikisha ni data. QTableView mbili (wijeti za kuonyesha jedwali) zinaweza kutumia modeli moja, yaani kitu kinachoshika data, kupitia setModel, na seli ikibadilishwa kwenye kichupo kimoja, cha pili kinaona papo hapo. Ukitaka hata mistari iliyochaguliwa ilingane, zipe zote mbili QItemSelectionModel moja, kitu kinachokumbuka kilichochaguliwa.

Na wijeti isijue iko kwenye kichupo gani. Ukiona ndani yake sharti la "kama ni kichupo cha ripoti, fanya hivi", hapo umeshaharibu. Itoe signali tu, yaani taarifa kwamba jambo limetokea, kichupo chenyewe kiamue la kufanya.

Kama kweli lazima iwe moja, kwa mfano kicheza video, itoe nje ya QTabWidget, wijeti inayobeba vichupo, uiweke juu au chini yake.