Mambo ya kuandaa kabla hujaanza kusoma Kiingereza chuo kikuu

Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai, na vyuo vingi hupokea mwaka wa kwanza Oktoba au Novemba. Kwa aliyesoma tahasusi yenye Kiingereza kama HKL, HGL au KLF na anataka kuchukua lugha ya Kiingereza na fasihi yake hapa Dar es Salaam, miezi hiyo ni mali. Wengi huimaliza kwa kuhangaikia udahili na mkopo peke yake. Hayo ni lazima, nami nitayagusa. Lakini ninavyoona, kinachowatesa wanafunzi wa kozi hii wakishafika ni kingine: hawajawahi kusoma kitabu kizima cha Kiingereza wao wenyewe, na wanadhani Kiswahili chao sasa hakina kazi.

Uelewe kwanza unakwenda kusoma nini. Shahada hii haipo kwa ajili ya kukufundisha kuongea ung'eng'e. Anayetaka kuongea tu ana njia fupi na nafuu zaidi. Chuoni lugha huwekwa mezani ichunguzwe: sauti zake, namna maneno yanavyoundwa, sentensi zinavyopangwa, ilivyobadilika kwa karne nyingi, nani anaitumia wapi na kwa nini. Fasihi nayo husomwa kwa hoja na ushahidi. Kusema kwamba riwaya inafundisha tuache tamaa hakutakupeleka popote.

Pale Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, isimu (uchunguzi wa lugha yenyewe) na fasihi zina idara tofauti, na fasihi ya Kiswahili iko TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2009. Kwa hiyo jina la programu unayoomba lina uzito. Moja itakujaza fonolojia (mfumo wa sauti) na sintaksia (muundo wa sentensi), nyingine riwaya na tamthilia, nyingine itachanganya na ualimu. Chang'ombe, kwenye chuo kishiriki cha elimu, lengo kubwa ni kuandaa walimu. Aliye kazini na hawezi kuacha ajira aangalie Chuo Kikuu Huria. Fungua mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wa mwaka wako usome mstari wa programu hiyo neno kwa neno. Kiwango cha jumla cha kuingia ni ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi wenye pointi 4.0, yaani hata D mbili zinafika, lakini programu za lugha huweza kudai daraja fulani la Kiingereza lenyewe, na hapo ndipo watu hukwama.

Mkopo hauhitaji maelezo mengi. Usisubiri uchaguliwe ndipo uanze kuomba. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa usajili, mapema, na kama mzazi amefariki, cheti chake cha kifo nacho. Soma mwongozo wa Bodi ya Mikopo uone kozi yako imewekwa kundi gani la kipaumbele, kisha kaeni nyumbani mzungumze mtafanyaje iwapo asilimia utakayopewa itakuwa ndogo. Kaa pia na akiba ya chakula na nauli ya wiki za mwanzo, kwa sababu bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, linaweza kuchelewa na tumbo halisubiri.

Sasa tuje kwenye kusoma, maana hapa ndipo penye kazi.

Sekondari tulizoea vitabu vya uchambuzi. Mwanafunzi ananunua kijitabu kinachomweleza maudhui, wahusika na dhamira, anakariri, anajibu mtihani, anapata B, na riwaya yenyewe hajaifungua. Siwalaumu wanafunzi. Nakala za riwaya ni chache na mtihani unavumilia majibu ya kukariri. Ila chuoni mhadhiri atakuuliza kwa nini sura ya tatu inasimuliwa na mtoto, au kwa nini mwandishi hakutuambia mama amekwenda wapi, na hakuna kijitabu chenye jibu hilo. Kwa hiyo kabla ya Oktoba soma riwaya moja ya Kiingereza mpaka ukurasa wa mwisho bila uchambuzi wa mtu. Kila sura ikiisha, andika mistari michache: nani anasimulia, anajua nini, anaficha nini. Maneno magumu usiyafukuzie yote kwenye kamusi, utachoka ukiwa ukurasa wa kumi. Pigia mstari yale yanayojirudia, mengine yaache yapite.

Ningeulizwa mtu wa Dar aanze na kipi, ningemwelekeza kwa Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Riwaya yake ya *Paradise* ilitoka mwaka 1994. Ni habari ya Yusuf, kijana anayechukuliwa kwao na mfanyabiashara tajiri anayemwita ami, bila kujua kwamba ameondolewa kulipia deni la baba yake. Pwani, misafara ya bara, Wajerumani wanaoingia: haya si mageni kwako, kwa hiyo akili haitapotezwa na mazingira, itabaki kwenye lugha na usimulizi. Tena ipo kwa Kiswahili, *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyochapishwa na Mkuki na Nyota hapa hapa Dar mwaka 2022. Soma sura kwa Kiingereza, kisha isome kwa Kiswahili, uone mfasiri alipolazimika kuchagua. Zoezi hilo moja litakufundisha mtindo kuliko daftari zima la maelezo ya kunakili.

Kwa Shakespeare fanya vivyo hivyo. Lugha yake ina zaidi ya miaka 400 na hata Waingereza wenyewe huisoma kwa maelezo pembeni, kwa hiyo usijione mjinga ukikwama. Mwalimu Nyerere alimtafsiri: *Juliasi Kaizari* na *Mabepari wa Venisi*, zote kwa toleo la mwaka 1969. Ukishapata kisa kwa Kiswahili, rudi kwenye Kiingereza ukisome kwa sauti. Tamthilia iliandikwa isikike jukwaani, na mapigo ya mstari hayasikiki ukisoma kimya kitandani.

Kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Fasihi ya Kiingereza imejengwa juu ya Biblia, hasa tafsiri ya mwaka 1611, na juu ya visa vya miungu ya Kiyunani na Kirumi. Mwanafunzi Mwislamu wa Temeke na Mkristo wa Kimara wote wanahitaji kuzijua Mwanzo, Kutoka, Ayubu na Injili kama maandishi, vinginevyo mashairi mengi yatawapita. Na huyo Yusuf wa Gurnah atakuwa na maana nzito zaidi kwa aliyesoma Sura ya 12 ya Kurani. Usiingie na wazo kwamba hiki ni kitabu cha wale na kile ni cha hawa.

Utamaduni unaoambatana na lugha hii nao hauko London peke yake. Mwaka 1968, wahadhiri watatu wa Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba, walitoa hoja kwamba idara ya Kiingereza ifutwe na Afrika iwekwe katikati ya masomo ya fasihi. Mjadala huo ulibadilisha ufundishaji wa fasihi katika Afrika Mashariki, na mpaka leo utasoma Wanigeria, Wahindi na watu wa Karibi sambamba na Waingereza. Ukiwa bado nyumbani, jisomee kidogo historia ya biashara ya utumwa, ukoloni na uhuru. Bila hiyo, nusu ya vitabu hivyo itakuwa majina matupu.

Upande wa isimu, wanaoogopa zaidi ni wale waliodhani ni sarufi ya sekondari. Kiswahili kina irabu 5. Kiingereza sanifu cha Uingereza huhesabiwa kuwa na takriban 20, ukijumlisha zile zinazoungana mbili kwa pamoja. Ndiyo maana masikio yetu husikia ship na sheep kama kitu kimoja. Jifunze alama za kimataifa za kifonetiki, zile za kuandika sauti, kabla hujaingia darasani. Kamusi nyingi za kwenye simu huzionyesha, na ukinakili maneno machache kila siku, ndani ya mwezi hazitakutisha. Tahajia nayo ina sababu zake. Baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066, maneno ya mahakama na utawala yaliingia kwa wingi kutoka Kifaransa, kama yetu yalivyoingia kutoka Kiarabu. Kisha mwaka 1476 William Caxton akaleta mtambo wa kuchapa, tahajia ikaanza kuganda wakati matamshi ya irabu ndefu yalikuwa bado yanahama. Ukilijua hilo mapema utaacha kuiona lugha hii kama mkusanyiko wa vituko.

Kwa mofolojia, yaani namna maneno yanavyoundwa, mwalimu wako wa kwanza ni Kiswahili. Chukua "anayetusomea" uikate vipande: a-na-ye-tu-som-e-a. Eleza kila kipande kinafanya kazi gani. Anayeweza kufanya hivyo kwa lugha aliyolelewa nayo hatababaishwa na Kiingereza, ambacho vipande vyake ni vichache. Nimewaona kwenye semina wanafunzi waliotoka shule za mchepuo wa Kiingereza, wenye matamshi mazuri, wakishindwa kabisa hapa, na waliotoka shule za kata wakiwasaidia.

Hilo linanipeleka kwenye kuongea. Kwenye semina utasimama uwasilishe, hakuna namna. Hapa mjini mtu akitema yai, yaani akiongea Kiingereza, akateleza, watu hucheka, na kicheko hicho kimewanyamazisha wengi wenye akili nzuri. Tafuta wenzako wawili watatu mnaoheshimiana, mkutane mara moja kwa wiki, kila mmoja aeleze kwa Kiingereza alichokisoma, kwa dakika tano, bila kukatizwa. Lafudhi usihangaike nayo. Kinachopimwa ni hoja kueleweka.

Kuandika nako kuanze sasa. Ukurasa mmoja kwa wiki: dai moja, ushahidi kutoka kwenye kitabu, maelezo ya kwa nini ushahidi huo unalithibitisha dai. Jizoeze kuandika umelitoa wapi kila wazo lisilo lako, kwa sababu wizi wa kitaaluma chuoni ni kosa linaloweza kukufukuzisha. Akili mnemba itakuandikia insha kwa sekunde chache, lakini chumba cha UE, mtihani wa chuo wa mwisho wa muhula, utaingia na kalamu tu.

Kuhusu vifaa, kompyuta mpakato iliyotumika inatosha kwa kozi hii, ilimradi betri na kibodi viwe vizima. Vitabu vya zamani ambavyo haki zake zimekwisha hupatikana bure mtandaoni kwenye Project Gutenberg, kwa hiyo usilipie kopi ya kitabu cha karne ya 19 stesheneri kabla hujaangalia huko. Kabla chuo hakijafunguliwa, Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed ni mahali pazuri pa kujifunza kukaa na kitabu saa nyingi. Makazi: kama hutapata Mabibo wala mabweni ya Magufuli, geto la Changanyikeni au Msewe litakuwezesha kutembea kwa miguu, na muda utakaouokoa kwenye daladala ni muda wa kusoma.

Wazazi huuliza kazi. Ni swali la haki, na lijibiwe kwa ukweli. Ajira za ualimu serikalini ni chache kuliko wahitimu, kwa hiyo usiweke matumaini yote hapo. Tafsiri na ukalimani vinakua: mwaka 2021 sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na sheria nyingi zilizoandikwa kwa Kiingereza zinahitaji kutafsiriwa. Arusha kuna Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Milango hii hufunguka kwa mwenye Kiswahili na Kiingereza vilivyonyooka vyote viwili, na lugha ya tatu ikiwepo, Kifaransa hasa, bora zaidi. Amua mapema kama utaichukua, maana kuianza mwaka wa tatu ni kuchelewa.

Wiki ya usajili beba vyeti halisi na nakala zake, fomu ya afya, namba ya NIDA na picha ndogo za kutosha. Ukimaliza foleni, kabla hata hujaangalia ratiba, nenda idarani uulize orodha ya vitabu vya muhula wa kwanza. Nakala za maktaba huisha haraka. Azima kile kinene kuliko vyote, uanze nacho jioni hiyo hiyo.