Kitimoto na matunda kwenye kikaango kimoja: haya yaweke sawa kabla hujawasha gesi

Watu wanapenda pishi la kikaango kimoja kwa sababu ni rahisi, na kweli ni rahisi, ila urahisi wote uko kabla ya moto. Ukishawasha, nyama hii ya nguruwe inataka dakika kumi na kitu, matunda dakika tatu nne, na hapo katikati huna nafasi ya kumenya nanasi wala kumtuma mtoto dukani kwa Mangi akalete soyasosi. Mi nimejua hilo siku nimesimama jikoni nanasi zima liko mezani halijaguswa, kitimoto upande mmoja ishaanza kuwa nyeusi, kisu sijui kimeenda wapi, afu kuna mtu sebuleni anauliza bado sana? Basi tangu siku hiyo kikaango ndo kitu cha mwisho kukigusa.

Anza na watu kwanza, nyama baadaye. Hapa Dar nyumba nyingi tumechanganyika, na hii nyama yenyewe majina yake tu yanakwambia, mdudu, noah, mbuzi katoliki, yaani watu wameizungushia majina ili iliwe bila kutajwa. Kama umepanga na mnatumia jiko moja au uwani mmoja na majirani Waislamu, basi kikaango, kibao, kisu na hata sponji ya kuoshea viwe vyako peke yako na vikae chumbani kwako, usimwachie mtu wasiwasi kila akishika sufuria. Dada wa kazi kama ni Muislamu usimtume buchani wala usimwachie vyombo vya hiyo siku, osha mwenyewe. Na kama unaalika wageni uliza mapema, maana sio Waislamu tu, Wasabato nao hawali, na hakuna kitu kibaya kama mgeni amekaa mezani anachokonoa wali mtupu afu anasema ameshiba.

Sasa nyama. Kwa watu watatu nusu kilo inatosha ukiwa na matunda na wanga pembeni, wanne weka robo tatu. Mwambie wa buchani akutolee steki ya paja au ya kiuno yenye mafuta kidogo, sio nyeupe tupu na sio nyekundu tupu, maana hayo mafuta ndo yatakaangia kila kitu, huhitaji kumimina mafuta ya kupikia zaidi ya kijiko kimoja. Mbavu ni tamu ila sio za pishi hili, mbavu zinataka muda mrefu na matunda hayasubiri. Mwambie atoe ngozi, na ukate mwenyewe nyumbani vipande vya sentimita mbili hivi, kwa sababu panga la bucha linakukatia kipande hiki kidogo kama kete na kile kikubwa kama sabuni, vikiingia pamoja kimoja kinakauka wakati kingine katikati bado kibichi.

Hapo kwenye ubichi naomba nikae kidogo. Nguruwe anaweza kubeba tegu, aina ya minyoo, na kwenye nyama unaweza kuona vijifuko vyeupe vidogo mfano wa punje ya mchele, ukiona hivyo acha, hata ukipunguziwa bei acha. Nunua bucha ambayo nyama imepita kwa mkaguzi na ina muhuri, sio ya kuletewa kwenye mfuko na mtu wa bodaboda eti amechinja leo. Vijifuko si kila mara utaviona, kwa hiyo ulinzi wa pili ni moto. Wamarekani tangu 2011 wanasema nyama nzima ya nguruwe ifike digrii 63 katikati na ipumzike dakika tatu, ya kusaga 71, sasa mi kwa huku kwetu naenda hiyo 71 kwa vipande vyote na sioni hasara, vipande ni vidogo na juisi ya matunda inarudisha unyevu. Huna kipimajoto? Toa kipande kikubwa kuliko vyote, kipasue, kama katikati kuna wekundu au maji ya damu rudisha. Halafu kitu ambacho wengi wanachanganya, huyo minyoo anayefika kwenye ubongo na kuleta kifafa anatokana na kumeza mayai yake, na mayai yanatoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu, sio kwenye nyama. Ukila nyama mbichi unapata tegu tumboni, ukila kachumbari iliyoshikwa na mikono michafu ya mwenye tegu ndo unapata hilo la ubongo. Kwa hiyo kunawa mikono na kuosha matunda ni sehemu ya usalama wa pishi hili sawasawa na kuivisha.

Na safari ya kutoka buchani. Nyama mbichi isikae nje ya baridi zaidi ya masaa mawili, na joto likipita digrii 32 hesabu lisaa limoja, sasa wewe fikiria Februari, umenunua Sinza saa tisa alasiri, daladala imejaa, foleni ya Ubungo haisogei. Nenda bucha iwe kituo chako cha mwisho, matunda nunua kwanza. Mi natembea na chupa ya maji iliyogandishwa kwenye mfuko, inafanya kazi vizuri tu. Kama nyama ilikuwa kwenye friza itoe usiku uliotangulia iweke chini kabisa kwenye friji ndani ya bakuli, usiiache kwenye sinki tangu asubuhi.

Matunda ndo penye raha na ndo penye makosa mengi. Nanasi ni mfalme hapa, yale ya Kiwangwa yakiwa kwenye msimu yananukia mpaka barabarani, chagua zito, linukie chini kwenye kitako, likinukia kama pombe limeshapita. Lakini nanasi lina kimeng'enya kinaitwa bromelaini ambacho kinakula nyama, sio mfano, kinavunja vunja protini kabisa. Mwaka jana nikajifanya mjuzi nikalaza nusu kilo ya kitimoto kwenye juisi ya nanasi usiku kucha ili ilainike. Asubuhi nikafungua bakuli, kwa macho iko sawa, nikashika kipande kikabaki kwenye vidole kama ugali wa mgonjwa. Nikakaanga hivyo hivyo maana hela ni hela, ikawa tope lenye harufu nzuri. Kwa hiyo ukitaka kulainisha na nanasi bichi ni nusu saa mwisho, weka saa kabisa, na papai bichi ni hivyo hivyo, hilo lina papaini. Nanasi la kopo halilainishi chochote kwa sababu limeshapata moto kiwandani, na moto unakiua hicho kimeng'enya, ndo maana pia ukiweka vipande vya nanasi mwishoni kwenye kikaango cha moto hakuna ubaya.

Kingine cha nanasi ni maji. Likate, toa ule mti wa katikati, liweke kwenye chujio angalau robo saa na juisi ikusanye kwenye kikombe. Ukimwaga nanasi na maji yake yote kwenye kikaango joto linashuka, nyama inaanza kuchemka badala ya kukaangika, inakuwa ya kijivu. Hiyo juisi ya kwenye kikombe usimwage, ndo mchuzi wako.

Kama sio nanasi, embe ni zuri ila liwe ndo limeanza kuiva, bado gumu kidogo ukilibonyeza, dodo lililoiva sawasawa linayeyuka linakuwa jamu, na msimu wake tunaujua, kuanzia Novemba mpaka Januari, nje ya hapo bei inakuumiza kichwa. Epo za kijani zile chachu zinashikilia umbo vizuri kuliko matunda yote, sizungumzii matofaa mekundu ya Zanzibar, yale ni maji matupu. Machungwa ya Muheza yatumie kwa juisi tu. Papai lililoiva na tikiti sahau. Ila siri yangu ni ndizi mzuzu iliyoiva mpaka ganda lina madoa meusi, unaikata vipande vinene inakaangika kwenye mafuta ya nyama, ni tunda na ni wanga humo humo, hapo ndo kweli unaweza kusema kikaango kimoja, maana wengine tunasema kikaango kimoja huku pembeni kuna sufuria ya wali na ingine ya mchicha. Chagua tunda moja, ukizidi mawili, usigeuze chakula cha usiku kuwa saladi ya harusi.

Viungo usivizidishe. Vitunguu maji viwili, punje nne za kitunguu swaumu, tangawizi saizi ya kidole gumba, soyasosi vijiko viwili vya chakula, asali kijiko kimoja, ndimu, pilipili mbuzi nzima usiipasue kama kuna watoto. Soyasosi ina chumvi nyingi kwa hiyo chumvi ya kawaida subiri uonje mwisho. Asali nayo mwisho kabisa, dakika mbili za mwisho, ukiiweka mwanzo inaungua kabla nyama haijaiva na ule uchungu hautoki hata uongeze nini.

Kibao kama unacho kimoja tu, kata matunda na vitunguu kwanza, nyama baadaye, usigeuze. Nyama ikishakatwa ifute na tishu mpaka iwe kavu, hii watu wanadharau lakini nyama yenye maji haipati rangi. Afu angalia kikaango chenyewe, kiwe kipana, kama sentimita 28, na kizito chini. Zile frampeni nyepesi za aluminiamu zinaungua katikati pembeni kukiwa baridi, na tunda chachu likikaa humo muda mrefu linatoa ladha ya bati. Nonstiki ni sawa, ila usiiache tupu kwenye moto mkali ukienda kutafuta simu, ikipita digrii 260 hivi lile gamba lake linaanza kuharibika. Kikaango kikiwa kidogo gawa nyama mara mbili, itoe ya kwanza kwenye sahani SAFI, sio ile iliyokuwa na nyama mbichi.

Gesi. Mtungi wa kilo 6 hauna adabu, unaisha saa mbili usiku Jumapili. Mwagia maji ya moto kidogo ubavuni halafu pitisha kiganja kutoka juu kwenda chini, pale unapoanza kuhisi ubaridi ndo gesi ilipofikia. Ikiwa vidole viwili tu kutoka chini, badilisha kabla au pika maharage ya jana. Maji nayo jaza ndoo, umeme ukikatika na pampu haivuti utaoshea nini mikono yenye nyama mbichi.

Ukifika hapo panga kila kitu kwenye sinia kwa mpangilio wa kuingia: nyama, kitunguu maji, swaumu na tangawizi, tunda, kikombe cha juisi na soyasosi, asali, ndimu. Ukipika na mzuzu, yenyewe inaingia baada ya nyama kutoka, inapata rangi, inatolewa, afu vitunguu, afu vyote vinarudi. Wali kama upo uwe umeshakauka na umefunikwa. Toa nyama kwenye friji dakika kumi na tano kabla, sio zaidi kwa joto letu.

Na tafuta kopo tupu la maziwa ya unga uliweke karibu na jiko. Hayo mafuta yatakayobaki yamimine humo yakishapoa kidogo, yagande, utupe na taka. Usiyamwage kwenye sinki wala kwenye mfereji wa uwani, kitimoto ina mafuta yanayoganda, bomba likiziba mwenye nyumba atamleta fundi, fundi atachokoa, na uwani mzima utajua Jumapili ulikula nini.